Sauti ipo, picha hakuna: jua kwanza picha inafia wapi

Mkuu, pole. Kwa ulivyoeleza, ukiweka klipu kwenye programu ya kuhariri sauti inasikika vizuri, ila dirisha la kuhakiki linabaki jeusi, na klipu nyingine zinatokea kijani kitupu. Umeshafuta programu na kuipachika upya mara tatu, na mdau mmoja hapo juu amekwambia ukanunue kadi nyingine ya michoro. Pesa yako iache mfukoni kwanza. Haya yamenikuta mimi pia. Nilipoteza siku mbili na nusu, nikafuta hadi Windows yenyewe, kumbe dawa ilikuwa kubadilisha chaguo moja tu kwenye mipangilio.

Tatizo lenyewe halikuwa gumu. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa nagusa kila kitu bila kujua picha inafia wapi. Picha ya video ina safari kabla haijakufikia machoni. Kuna faili lenyewe, ambalo kamera imelikunja kwa kodeki, yaani njia ya kubana data, ili liwe dogo. Kuna kulikunjua, yaani kuigeuza ile data kuwa fremu moja moja. Halafu programu inazichukua fremu hizo na kuzipaka rangi, maandishi na madoido uliyoweka. Mwisho fremu iliyokamilika inapelekwa kwenye skrini. Sauti ina njia yake pembeni, ndiyo maana unaisikia hata picha ikiwa imekufa zamani.

Sasa fanya hivi kabla ya kitu kingine chochote. Chukua sekunde kumi tu za kazi yako, ile sehemu ambayo dirisha ni jeusi, uzitoe kama video kamili. Faili litakalotoka lifungue na kichezaji cha kawaida kama VLC. Picha ikionekana, basi faili lako ni zima na linakunjuliwa vizuri. Kinachokusumbua ni ile hatua ya mwisho ya kupeleka picha dirishani. Faili lililotoka nalo likiwa jeusi au kijani, shida iko nyuma, kwenye faili la kamera au kwenye kulikunjua. Dakika moja ya jaribio hili ingeniokolea siku zangu mbili na nusu.

Mimi kipande changu kilitoka safi kabisa. Nilikitazama mara nne, siamini, huku dirisha la programu liko pembeni jeusi kama chungu. Kompyuta yangu ni mpakato yenye kadi mbili za michoro: ndogo iliyomo ndani ya prosesa, ya kuokoa betri, na kubwa ya kazi nzito. Nikachomeka monita ya nje ili nione vizuri, picha ikatokea huko. Nikalivuta dirisha kulirudisha kwenye kioo cha mpakato; lilipokuwa nusu huku nusu kule, picha ikamulika mara moja, kisha giza. Hapo ndipo akili ikanijia. Kwenye mpakato nyingi tundu la HDMI limeunganishwa na kadi kubwa, lakini kioo chake kinaendeshwa na ile ndogo. Programu ilikuwa inapika fremu kwenye kadi moja, Windows inajaribu kuzionyesha kupitia nyingine, na njiani hapo zinapotea.

Dawa yake: ingia mipangilio ya Windows, sehemu ya mfumo, kisha skrini, shuka chini utakuta kipengele cha michoro. Ongeza programu yako ya kuhariri kwenye orodha, uipangie kadi yenye nguvu zaidi. Kipengele hiki kipo tangu Windows 10 toleo la 1803 la mwaka 2018, kwa hiyo hata mashine ya miaka kadhaa inacho. Baada ya hapo funga programu kabisa na uifungue upya, maana ikiwa wazi haitahama kadi. Ingia pia kwenye mipangilio ya programu yenyewe. Nyingi zina sehemu ya kuchagua kadi na kwa kawaida imeachwa ijiamulie. Iondoe huko, uitajie kadi kwa jina. Na jaribu ukiwa umechomeka chaja, kwani ukiwa kwenye betri mashine nyingi huikaba kadi kubwa.

Tuje kwenye kijani, maana klipu zako nyingine zina hilo, na nina wasiwasi una matatizo mawili tofauti yaliyokutana. Kijani kitupu kina maana yake. Ndani ya faili, rangi za video hazihifadhiwi kama nyekundu, kijani na buluu. Unahifadhiwa mwangaza, halafu namba mbili za tofauti ya rangi, na kwenye namba hizo kutokuwa na rangi huandikwa 128, siyo 0. Sasa mkunjuaji akishindwa kazi na kukabidhi fremu tupu, namba zote zikiwa 0, hesabu ya kuzirudisha kwenye rangi za kioo inatoa kijani. Kwa hiyo ukiona kijani, mara nyingi fremu imefika bila kitu ndani. Kioo chako hakina kosa.

Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni ukunjuaji unaofanywa na kadi. Zima chaguo hilo kwenye mipangilio ya programu, kwa kawaida liko sehemu ya midia au uchezaji, kisha ufungue upya. Kijani kikiondoka, umempata. Hasara yake ni kwamba prosesa ndiyo itabeba mzigo, video zitacheza kwa kukwamakwama, ila angalau unaona unachokata.

Swali linalofuata ni kwa nini kadi imeshindwa. Angalia klipu zenyewe zimerekodiwa vipi. Kamera nyingi za siku hizi zinarekodi biti 10 kwa mpangilio wa rangi wa 4:2:2, yaani data ya rangi ni nyingi kuliko kawaida, na kadi nyingi za michoro, hata zile za bei, hazina kifaa cha kukunjua kodeki ya H.264 ya namna hiyo. Simu nazo zinarekodi kwa kodeki ya HEVC, na kwenye Windows unaweza kulazimika kuongeza kiendelezi chake ndipo baadhi ya programu ziisome. Juu ya hapo simu hubadilisha kasi ya fremu zenyewe kadiri mwanga unavyopungua. Klipu inaandikwa fremu 30 kwa sekunde kumbe ndani yake kuna sehemu za 24. Programu za kuhariri haziipendi hiyo kabisa. Picha inaganda, sauti inatangulia mdomo.

Klipu za hivyo mimi siku hizi sibishani nazo. Nazibadilisha kwanza ziwe ProRes, kodeki ya kazi za kuhariri, kwa ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa amri za kuandika, ndipo nazipeleka kuhaririwa. Mstari ninaoutumia ni huu, badilisha majina ya mafaili tu:

ffmpeg -i mbichi.mp4 -vf fps=30 -c:v prores_ks -profile:v 1 -c:a pcm_s16le tayari.mov

Faili litanenepa mara kadhaa, usishtuke, hakikisha tu diski ina nafasi. Kinachobadilika ni kwamba kila fremu sasa inajitegemea, programu haihitaji kutazama fremu za jirani ili ijue ionyeshe nini, na kasi imenyooka. Ukiogopa amri za kuandika, HandBrake inakupa kasi ya fremu isiyobadilika kwa kubofya, ingawa itakunja tena kwa H.264 na utapoteza ubora kidogo.

Kuna weusi mwingine ambao watu wanauchanganya na huu wako. Klipu inaonekana vizuri, unaongeza madoido ya kupunguza chenga (zile punje kwenye picha) au ukungu, dirisha linakuwa jeusi au jekundu na ujumbe wa kumbukumbu kujaa. Hiyo ni hesabu tu. Fremu moja ya 4K ni 3840 kwa 2160, yaani pikseli 8,294,400. Programu inayofanya hesabu za rangi kwa usahihi mkubwa hutumia baiti 16 kwa kila pikseli, na hapo fremu moja inakula takriban megabaiti 133 za kumbukumbu ya kadi. Kupunguza chenga kunashika fremu kadhaa kwa pamoja, za mbele na za nyuma, na kila doido unalorundika linataka nafasi yake. Ukishusha kazi iwe 1080p, fremu hiyo hiyo inataka robo tu, megabaiti 33 na ushee. Kwa hiyo hariri kwa 1080p, rudisha 4K wakati wa kutoa. Na funga kivinjari! Vichupo vyako arobaini navyo vinakula kumbukumbu ya kadi hiyo hiyo.

Ikitokea skrini nzima ikazima sekunde moja mbili kisha ikarudi, programu ikafa, huo ni mkono wa Windows. Kadi isipoitika kwa sekunde 2, Windows inadhani imekufa na kuiwasha upya draiva, yaani programu inayoiendesha kadi. Mitandaoni watakwambia urefushe muda huo kwenye rejista. Sishauri kuanzia hapo. Punguza mzigo kwanza. Kama kioo kimeganda na hutaki kuzima mashine, Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja huiamsha draiva bila kufunga kazi, ingawa programu ya kuhariri haipendi sana kufanyiwa hivyo, kwa hiyo hifadhi kazi kama bado unaweza.

Kuhusu draiva: kama tatizo lilianza baada ya kusasisha, rudi toleo la nyuma, usisubiri jipya. Wenye kadi za NVIDIA wachukue draiva ya Studio badala ya ile ya wacheza gemu. Na usiweke mpya juu ya ya zamani kama hali ni mbaya. Ingia hali salama, fagia mabaki yote kwa DDU, programu ya kung'oa draiva, ndipo uweke. Hilo tu ndilo jambo katika kufutafuta kwangu ambalo sijutii.

Kwa wanaosumbuliwa na mistari au kuwakawaka, chukua picha ya skrini na uitazame kwenye simu. Mistari ikiwemo, inatoka kwenye programu au kadi. Isipokuwemo, angalia kebo na kioo. Niliwahi kutukana programu wiki nzima kwa kuwakawaka kulikokwisha nilipobadilisha kebo ya HDMI. Angalizo: jaribio hili usilitumie kwa dirisha jeusi, maana wakati mwingine video hupitishwa kwenye tabaka lake la pekee na picha ya skrini hutoka na shimo jeusi hata kama wewe unaona vizuri.

Rangi zilizopauka au nyeupe iliyoungua kwenye video za simu mpya, hiyo ni HDR, yaani video yenye wigo mpana wa mwangaza, imewekwa kwenye kazi ya rangi za kawaida. Iambie programu ibadilishe HDR kwenda Rec. 709, ndiyo hizo rangi za kawaida, na itakaa sawa. Weusi ukiwa kijivukijivu, kuna mahali wigo wa mwangaza wa 16 hadi 235 umesomwa kama 0 hadi 255; angalia sifa za klipu, kisha mipangilio ya kadi kwa monita inayotumia HDMI.

Na aliyeuliza hapo juu kuhusu dirisha la kuhakiki kupotea kabisa: ulichomoa monita ya pili, siyo? Dirisha limefunguka huko huko hewani. Libofye kwenye upau wa chini, bonyeza Windows, Shift na mshale, litarudi. Ikishindikana, rudisha mpangilio wa madirisha ya programu uwe wa mwanzo.

Mdau wa kadi mpya ana haki katika hali moja. Ukiona vijisanduku vya rangi vimetapakaa hata kwenye nembo ya kuwashia, kabla Windows haijaanza, kadi hiyo inaaga. Kwako hujasema hivyo.

Fanya jaribio la sekunde kumi, halafu rudi hapa utuambie kipande kimetoka na picha au hapana, klipu za kijani zimerekodiwa na nini, na mashine ina kadi moja au mbili. Kwenye VLC ukibonyeza Ctrl na J klipu ikiwa wazi utaona kodeki yake. Nakili kilichoandikwa pale kama kilivyo.