Maswali na majibu: Kulinda kazi yako kwa blokucheni

Nilipiga picha za maua ya Kitulo, nikaziweka status. Juzi nimeikuta moja kwenye kalenda, jina langu halipo. Blokucheni ingenisaidia? (Mpiga picha, Mwanjelwa, Mbeya)

Pole sana. Ingekusaidia kuonyesha kwamba picha ilikuwepo kabla ya kalenda kuchapwa. Programu huisoma faili na kuipa alama yake ya herufi na tarakimu 64. Alama hiyo, siyo picha, ndiyo inayoingia kwenye blokucheni: daftari linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, ambamo kilichoandikwa ni vigumu mno kukifuta. Huduma ya mtandaoni iitwayo OpenTimestamps hufanya kazi hiyo bure kwa kutumia daftari la Bitcoin.

Ila tunza faili ileile iliyotoka kwenye kamera, pamoja na risiti utakayopewa na OpenTimestamps, faili yenye mkia wa .ots. WhatsApp huibana picha, na nukta moja tu ikibadilika, alama inakuwa nyingine kabisa. Ukifika mbele ya hakimu na nakala ya WhatsApp, haitalingana na kilichoandikwa. Na zile picha ulizopiga kabla na baada ya hiyo, hata zenye ukungu, usizifute. Aliyekuibia hana hizo.

Mtu akiwahi kuandikisha biti yangu, ndiyo imeshakuwa yake? (Prodyuza, Ipogolo, Iringa)

Hapana. Daftari linajua faili ilikuwepo lini; halijui nani kaitunga. Kwa hiyo iandikishe kabla hujamtumia msanii yeyote, na utunze mradi wenyewe wa studio, ngoma peke yake, besi peke yake.

Nauza notisi za PDF. Sheria yetu inaitambua blokucheni? (Mwalimu, Tukuyu)

Mwalimu, hakimiliki yako inaanza pale unapoandika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haikudai usajili kwanza. Blokucheni ni ushahidi tu, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki. Uzito wake hupimwa na mahakama. China, mahakama ya intaneti ya Hangzhou iliupokea ushahidi wa aina hii mwaka 2018. Mimi ningesajili pia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, maana cheti chake kinaeleweka haraka.

Naambiwa ninunue tokeni (sarafu ya kidijitali) ya laki tatu ndipo hadithi zangu zilindwe. (Mwandishi, Njombe)

Usitoe hata shilingi, ndugu yangu. Hadithi ni zako tangu ulipoziandika, na kuweka alama ya tarehe hakuhitaji tokeni yoyote.