Mtama uliouzwa Julai na kununuliwa tena Februari

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mkulima wa Mangaka, wilaya ya Nanyumbu. Msimu uliopita nilivuna madebe 36 ya mtama mweupe katika ekari 2. Mwezi Julai niliuza madebe 28 kwa shilingi 9,000 kila debe, kwa kuwa nilidaiwa na vibarua wa palizi na watoto walihitaji mahitaji ya shule. Ilipofika Februari chakula kiliisha, nikanunua madebe 7 kwa shilingi 16,000 debe. Majirani wananishauri niachane na mtama, ekari zote mbili niweke ufuta, kwa sababu ufuta una mnada. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu yangu wa Mangaka, umefanya jambo ambalo wakulima wengi hawalifanyi, nalo ni kuandika hesabu, kwa hiyo tuanze na hesabu hiyo hiyo. Uliuza kwa shilingi 252,000, kisha ukatoa shilingi 112,000 kununua madebe 7 ambayo Julai yalikupa shilingi 63,000 tu. Shilingi 49,000 zimepotea hapo, wala si kwa kosa la shamba lako. Zimepotea kwa sababu deni lilikudai katika mwezi ambao kila mkulima wa jirani naye anapura mtama na kuutafutia mnunuzi.

Majirani zako wanasema kweli kuhusu fedha. Ufuta wa mikoa yetu ya Mtwara na Lindi huuzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima huweka mzigo ghalani, hupewa risiti, kisha mzigo huuzwa mnadani, na minada yake hufanyika karibu na majira yale yale ya mavuno ya mtama, wakati fedha za korosho hazitazamiwi kabla ya Oktoba. Hata hivyo, kwa hesabu yako nyumba inakula madebe 15 kwa mwaka, yaani 8 uliyobakiza na 7 uliyonunua. Ukiacha mtama kabisa na kununua chakula hicho katika miezi ya njaa, utahitaji shilingi 240,000. Kwa hiyo madebe 15 ya kwanza yasipimwe kwa bei ya mnunuzi wa Julai. Thamani yake ni ile ambayo wewe mwenyewe ungelipa Februari.

Ushauri wangu ni ekari moja ya mtama na moja ya ufuta, mazao hayo yakibadilishana viwanja kila mwaka. Kwa mavuno yako ya kawaida, ekari ya mtama itatoa madebe 18, yanayotosha nyumba na kubakiza 3. Ufuta ndio ulipe vibarua, ili mtama upate nafasi ya kungoja. Sikushauri uweke yote kwenye zao moja la kuuza nje, maana wengi wetu tunakumbuka mwaka 2017, India ilipozuia uingizaji wa mbaazi na magunia yakabaki ndani bila mnunuzi.

Kungoja kunahitaji hifadhi. Mfuko usiopitisha hewa huchukua gunia moja, na wadudu waliomo hufa kwa kukosa pumzi; hata ukiuziwa shilingi 6,000, gharama hiyo haifiki bei ya debe moja. Lakini mtama mbichi utaoza humo humo. Chukua chupa kavu ya kioo, tia konzi ya mtama na chumvi kavu kidogo, tikisa, kisha uache dakika chache. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, rudisha mtama juani.

SWALI: Sisi ni kikundi cha wakulima 14 wa Nachingwea. Tumesikia viwanda vya bia hununua mtama. Je, tukodi lori tupeleke Dar es Salaam?

JIBU: Msikodi lori kabla ya kuwa na mkataba mkononi. Kiwanda hutaka mtama mweupe wa aina moja, kama Macia, uliopepetwa vizuri, usio na mchanga, na kwa tani nyingi; mkichanganya mwekundu wa huyu na mweupe wa yule, mzigo unaweza kukataliwa mkiwa tayari mmelipia safari. Pandeni mbegu moja, tena kwa wiki moja, kwani shamba linalotoa masuke peke yake ndilo linaloliwa na ndege waitwao kweleakwelea. Kisha gawanyeni nauli kwa idadi ya kilo na muitoe kwenye bei ya kiwanda kabla ya kuilinganisha na bei ya nyumbani. Mwekundu msiuache wote: wakati wa unyago watengeneza kimea huufuata majumbani, na hapo hakuna nauli.

Jambo moja zaidi, nalo linaniuma kila ninapoliona. Mnunuzi hulitikisa debe, hulishindilia, kisha huongeza kilele juu, na bei inabaki ya debe moja. Nunueni mizani ya kikundi, muuze kwa kilo.