Mama wa miaka 53 kuachwa kwenye utafiti wa afya ya uzazi

Dada, pole kwa mama. Umeuliza kwa nini wadodosaji walimhoji mdogo wako wakamruka yeye, na kama sasa hahitaji tena vipimo. Tafiti za kitaifa za afya na uzazi, kama ule wa Tanzania wa 2022, huhoji wanawake wa miaka 15 hadi 49 kwa sababu shabaha yake kubwa ni uzazi: mimba, kujifungua, uzazi wa mpango. Kwangu huo ni upungufu mkubwa. Fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au kinyesi ukeni, haiponi kwa sababu mtu ametimiza 50, na wengi wa waliokoma hedhi hawaonekani kwenye takwimu.

Huduma ni jambo jingine kabisa. Kama hajawahi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, mpeleke; Shirika la Afya Duniani linataka wa miaka 50 hadi 65 ambao hawajapimwa wafikiwe pia. Aulizie kipimo cha HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, badala ya kile cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuutazama, maana baada ya kukoma hedhi sehemu inayokaguliwa kwa siki huingia ndani, haionekani vizuri. Akitokwa damu ukeni baada ya kukoma hedhi, hata tone, aende hospitali wiki hiyohiyo.