Divai ya mchanganyiko kwa mbuzi wa Jumapili

Dada, umeuliza kama divai nyekundu ya zabibu zilizochanganywa ni ya daraja la chini, na ipi uwape wakwe zako Jumapili hapo Lubumbashi pamoja na mbuzi choma. Ondoa shaka: Bordeaux yenyewe, divai maarufu ya Ufaransa, kwa kawaida ni mchanganyiko. Zabibu aina ya Cabernet Sauvignon huipa nguvu na ukakasi, ile ya Merlot huilainisha.

Kwa mbuzi mwenye pilipili mimi ningechukua ya Afrika Kusini yenye Pinotage ndani, zabibu iliyozalishwa Stellenbosch mwaka 1925. Soma kibandiko cha nyuma, mara nyingi zabibu zimetajwa. Kilevi kikipita asilimia 14 pilipili itawaka zaidi mdomoni, kwa hiyo tafuta ya 13 hivi. Chupa iliyokaa juani dirishani mwa duka iache, hata wakupunguzie bei.

Na joto hili la Oktoba! Iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kuifungua. Nyuzi 16 hadi 18 zinatosha. Ikikukaza ulimi, imimine kwenye jagi ipate hewa wakati nyama inageuzwa. Bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo) sawa kabisa, ila samaki wa chumvi usimweke mezani siku hiyo, maana akikutana na divai nyekundu huacha ladha ya chuma.