Jibu: Jumba la kale la maigizo lililofufuliwa

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna mji mdogo uliofufua jumba lake la maigizo bila kuliharibu sura. Upo: Richmond, Yorkshire, huko Uingereza. Jumba lenyewe, Georgian Theatre Royal, lilijengwa mwaka 1788 na Samuel Butler, mwigizaji aliyezunguka miji ya kaskazini na kundi lake. Maigizo yalipokoma, wakachimba humo maghala ya mvinyo, na juu yake wakawa wanafanyia minada. Nadhani huko kutumiwatumiwa ndiko kulikoliokoa lisibomolewe. Mwaka 1960 ukaundwa mfuko wa kuchangisha fedha, na 1963 milango ikafunguliwa tena.

Ninachokipenda mno ni roshani ya juu, walikokaa wenye tiketi za bei nafuu. Mbele yao kuna mbao walizokuwa wakizipiga mateke, mchezo ukiwakosha au ukiwachosha! Pia wametunza mandhari ya msitu iliyochorwa mwanzoni mwa karne ya 19, ya kale kuliko zote za jukwaani zinazojulikana Uingereza. Na ukienda, wengi wa wanaokupokea ni wenyeji wanaojitolea.