Maswali ya Wasomaji: Mosi Ukutani, Shambani na Kwenye Vyungu

Sakafu ya simiti nyuma ya nyumba yetu huota utando wa kijani kila masika, na mama ameshateleza mara mbili. Nikiukwangua kwa koleo, unarudi baada ya miezi miwili. Ni uchafu gani huu?
*Msomaji, Limuru*

Pole kwa mama. Si uchafu huo, wala si kuvu, ingawa wengi huuita hivyo. Inama uutazame kwa karibu. Ukiona vijani vidogo vimezunguka vijishina vya milimita chache, huo ni mmea uitwao mosi. Ukiona ute mtupu usio na majani, ni mwani. Namna ya kuviondoa ni ileile.

Mosi haina mizizi ya kunyonya maji. Ina vinyweleo vya kujishikiza tu, na maji huyanywa kwa majani, ambayo katika aina nyingi yana unene wa seli moja. Kwa hiyo haina haja na udongo. Simiti yenye vitundu na unyevu inaitosha. Koleo halimalizi kazi kwa sababu vipande vinavyobaki ndani ya vitundu huchipua upya.

Kwangua siku ya jua, mosi ikiwa imekauka, kisha fagia mabaki uyazoe. Ukiyasukuma kwa maji hadi upande wa pili wa uwanja, utakuwa unapanda. Changanya kikombe 1 cha jiki na vikombe 9 vya maji, lowesha sakafu, subiri dakika 15 hadi 20, sugua kwa brashi ngumu ya nailoni, suuza. Vaa glavu na viatu vya mpira, na maji hayo yasielekee bustanini. Usichanganye jiki na siki wala dawa ya choo yenye asidi: hutoka gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu. Brashi ya waya tusingeipendekeza, maana huchuna uso wa simiti, na mwaka ujao mosi itakuta vitundu vingi zaidi.

Hayo yote ni bure kama maji bado yanatuama. Sakafu iwe na mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, gata inayovuja izibwe, na matawi yanayoziba jua yakatwe.

Mibuni yangu imevaa kijani kuanzia chini hadi kwenye matawi. Je, inanyonywa?
*Mkulima, Lushoto*

La. Mosi hujitengenezea chakula chake kwa mwanga, na vinyweleo vyake havipenyi ndani ya gome. Yale manyoya ya kijivu yanayoning'inia si mosi bali ni kuvumwani, na jina linajieleza: kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Nayo hainyonyi mti.

Ila isome kama dalili. Shamba lina kivuli kizito na hewa haipiti, au mibuni imedhoofika, majani yamepungua na mwanga unafika kwenye matawi. Pogolea kwanza. Kisha safisha sentimita 50 za chini za shina kwa gunia kavu, maana hapo ndipo bungua wa shina hutoboa, na mosi nene huficha matundu na unga wa mbao unaodondoka. Usikwangue kwa panga. Kidonda cha gome ni kibaya kuliko mosi.

Mosi haina maua wala mbegu. Inazaaje? Na vile vijiti vyekundu vyenye kofia ni nini?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Njombe*

Inazaa kwa kuogelea. Mvua ikinyesha, mbegu za kiume zenye mikia miwili hupita kwenye utando wa maji hadi kwenye yai, lililo ndani ya chombo kama chupa. Pasipo maji, hazifiki.

Yai lililorutubishwa halitoi mosi mpya papo hapo. Huota kuwa kijiti juu ya mama yake, kikilishwa naye, na kileleni pana kibumba kilichojaa spora, yaani chembe ndogo za uzazi. Kofia uliyoiona ni mabaki ya ile chupa ya yai. Kofia ikidondoka na kifuniko kikafunguka, katika aina nyingi hubaki meno madogo yanayofunguka hewa ikiwa kavu na kujifunga ikiwa na unyevu, ili spora zitoke wakati upepo unaweza kuzibeba. Spora ikitua penye maji huota kwanza nyuzi za kijani kama mwani, na vichipukizi vya nyuzi hizo ndivyo mosi.

Tafuta mahali palipochomwa moto miezi kadhaa iliyopita. Huenda ukaikuta Funaria, aina moja ya mosi. Chuma kijiti kikavu, kipulizie pumzi yenye unyevu, utakiona kikijisokota.

Nataka vyungu vyangu viote mosi. Nimeambiwa niisage na mtindi nipake.
*Msomaji, Bukoba*

Acha mtindi, utalisha ukungu. Chukua kipande kutoka ukuta wako mwenyewe, si msitu wa hifadhi, na ukihamishie kwenye kitu cha aina ileile: ya jiwe kwenye jiwe, ya udongo kwenye udongo. Lowesha chungu kisichopakwa rangi, bandika, kandamiza kwa kiganja pasibaki hewa chini yake. Weka kivulini, nyunyizia maji ya mvua asubuhi na jioni kwa wiki 4 hadi 6. Mbolea usitie. Ikigeuka kahawia, usiitupe: lowesha usubiri, kwani aina nyingi hukauka kabisa na kurudi kijani. Ikiwa nyeusi na kunuka, uliifunika nailoni ikakosa hewa. Toa sehemu hiyo uanze na kipande kingine.