Ukimtafuta Bigfoot, Anza na Soksi

Mara ya kwanza kwenda kumtafuta Bigfoot, lile jitu lenye manyoya linalosemwa kuishi kwenye misitu ya Marekani na kutembea kwa miguu miwili, nilibeba kamera ya kuona joto gizani iliyonigharimu karibu mshahara wa wiki mbili, kinasa sauti, powabenki tatu, na kilo mbili za plasta ya kumwagia kwenye nyayo. Na nilikuwa nimevaa jinzi. Kufikia saa tatu usiku mvua ilikuwa imeshaingia hadi kwenye chupi, meno yananigongana, vidole vimekufa ganzi hata zipu ya begi lenye ile kamera vimeshindwa kuifungua. Huyo kiumbe angepita mlangoni mwa hema na kupiga hodi, nisingempata hata kwa picha moja.

Naishi Tacoma, jimbo la Washington, Marekani, mwaka wa tisa sasa. Aliyeniingiza kwenye mambo haya ni jamaa ninayefanya naye kazi ghalani, mzaliwa wa hukuhuku, ambaye wikendi zake zote zinaishia porini. Mimi nilijiona mjuzi kwa sababu nimezaliwa Moshi. Ukweli ni kwamba Kilimanjaro niliujua kama unavyomjua jirani tajiri: unamwona kila asubuhi, ndani kwake hujawahi kuingia. Aliyeingia ni mjomba wangu, mpagazi wa miaka mingi. Nilipompigia simu kumsimulia yaliyonikuta, aliuliza kwanza, "Huyo mtu mkubwa unamdai?" Nikasema hapana. "Sasa unamfuata usiku kwenye mvua kwa lipi?" Halafu akanipa somo ambalo ndilo kiini cha andiko hili: kuna mzigo wa kwendea na mzigo wa kurudia, na mtu hufunga kwanza ule wa kurudia.

Mnaoniuliza kama namwamini: simwamini sana, ila namtafuta. Jina lenyewe Bigfoot lilisambaa mwaka 1958, pale dereva wa tingatinga, Jerry Crew, alipokuta nyayo za kama sentimita 40 huko Bluff Creek, kaskazini mwa California. Mwaka 2002 mkandarasi wa kazi aliyokuwa akiifanya Crew, Ray Wallace, alipofariki, familia yake ikatoa miguu ya mbao na kusema ni yeye aliyekuwa akichapa zile nyayo. Mwaka 1976 mtafutaji mmoja aliipelekea FBI nywele zikiwa na kipande cha ngozi. Wakazipima, zikawa za jamii ya kulungu. Yote hayo nayajua, na bado nikiwa hemani tawi likivunjika nje nakaa kitako.

Ninakokwenda ni msitu wa Gifford Pinchot, zaidi ya ekari milioni 1.3, saa tatu hivi kwa gari kutoka kwangu. Ndani yake upo mlima St. Helens, ule uliolipuka mwaka 1980. Kwenye korongo moja la mlima huo, mwaka 1924, wachimba madini walidai manyani-watu yaliwavamia usiku na kuvurumishia kibanda chao mawe. Korongo hilo hadi leo linaitwa Ape Canyon.

Sasa, mavazi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoumia. Misitu ya upande ule haina baridi kali ya kutisha, ina unyevu. Mvua ikikatika, miti inaendelea kudondosha, na makangaga ya porini yanayokufika kiunoni yanakulowesha hata jua likiwa limetoka. Pamba ikilowa haikauki, na inanyonya joto la mwili muda wote unapotembea. Kwa hiyo jinzi, fulana za pamba na zile sweta za kofia tunazozipenda ziache garini. Inayogusa ngozi iwe poliesta au sufu laini. Juu yake sweta jepesi la manyoya bandia, kisha koti la mvua la kweli lenye kofia na zipu za kupitisha hewa kwapani. Usipande mlima umevaa yote. Anza safari ukisikia kibaridi, maana jasho nalo ni mvua, tofauti ni kwamba hii inanyesha kutokea ndani.

Soksi chukua jozi tatu za sufu. Moja ya kutembelea, moja ya akiba, na ya tatu haikanyagi nje ya hema hata iweje. Hili ni la mjomba neno kwa neno: nguo za kulalia unazifunga kwenye mfuko wa nailoni, unazika chini kabisa ya begi, na huzigusi mpaka uwe umeketi mahali pakavu. Wapagazi wanapandisha hadi kilo 20 za mgeni, lakini kifurushi chake kikavu mpagazi hakisahau. Mimi hutumia mfuko mzito wa takataka, bei ya karanga, nimeutandaza ndani ya begi zima. Yale makava ya kuvalisha begi kwa nje maji hupita mgongoni, sijui nani aliyadanganya maduka.

Begi la kulalia lina namba ya nyuzijoto. Isikudanganye: mara nyingi hiyo ni namba ya kutokufa, wala si ya kulala. Chagua lenye namba ya chini kwa nyuzi tano au zaidi kuliko baridi unayoitarajia. Ya manyoya ya bata ni mepesi na matamu, ila yakilowa yanakuwa kama chapati iliyomwagiwa chai; kwa misitu ile nimebaki na la nyuzi bandia, zito kidogo, lisilo na maringo. Na godoro jembamba la chini usilidharau, ardhi inakula joto kuliko upepo.

Kabla hujanunua, kodi. Roger Patterson na Bob Gimlin, waliopiga kule Bluff Creek ile filamu maarufu ya kiumbe anayedaiwa kuwa Bigfoot, tarehe 20 Oktoba 1967, kamera yao yenyewe ilikuwa ya kukodi, na filamu hiyo hadi leo bado watu wanaibishania. Miji mingi ya huku ina maduka yanayokodisha hema, mabegi na majiko kwa wikendi. Ile kamera yangu ya joto niliiuza kwa nusu ya bei. Kwa muda wote niliokuwa nayo ilinionyesha kulungu wanne, sungura mmoja, na mwenzangu akijisaidia.

Badala yake nabeba vitu vidogo vya kupimia: rula, tochi ya kichwani yenye taa nyekundu na betri za akiba, na simu ya kawaida. Ukikuta alama ya mguu, weka rula kando yake, piga picha kutoka juu, kisha ya pembeni. Halafu angalia vidole kabla hujapiga yowe. Dubu mweusi akitembea, mguu wa nyuma hukanyaga karibu palepale ulipotoka wa mbele, alama mbili zinaungana na kuwa unyayo mmoja mrefu wa ajabu. Ila kidole kikubwa cha binadamu kiko upande wa ndani. Kwa dubu, cha ndani ndicho kidogo kuliko vyote. Na ukienda Septemba utasikia mlio kama filimbi inayogeuka kuwa mlango usiotiwa mafuta. Huyo ni elki dume, kulungu mkubwa wa kule, anaita majike. Mara ya kwanza nilisoma Ayatul Kursiy yote bila kukosea.

Dubu wapo kweli, tofauti na tunayemtafuta. Chakula, dawa ya meno na sabuni haviingii hemani. Viweke kwenye pipa maalumu lisilofunguliwa na dubu, mbali na unapolala. Dawa ya pilipili ya kupuliza ikae kiunoni, maana ikiwa chini ya begi ni mzigo tu. Inafika kama mita tisa, na kwenye ndege hairuhusiwi hata kwenye mizigo ya chini, hivyo ukisafiri utainunulia hukohuko.

Maji ya kijito yanaonekana safi kama ya kiwandani, yachuje hata hivyo. Usiku wa barafu lala na kichujio ndani ya begi la kulalia: kikiganda, vinyuzi vyake vinapasuka na huwezi kujua kwa macho.

Msimu wa uwindaji vaa rangi ya chungwa inayowaka. Kaunti ya Skamania, ambayo sehemu yake kubwa imo kwenye msitu huohuo, ilipitisha sheria mwaka 1969 ya kumfunga hadi miaka 5 na kumtoza hadi dola 10,000 atakayemuua Bigfoot. Watu huicheka, lakini wasiwasi wao ulikuwa wa maana: msitu ulikuwa unajaa wenye bunduki wanaotafuta kitu kirefu, cheusi, kinachotembea kwa miguu miwili. Mimi nina mita 1.88, na rangi yangu mnaijua.

Mwisho ni karatasi. Simu hazishiki kule. Nina kifaa cha ujumbe wa setilaiti, lakini kabla sijatoka namwachia mke wangu karatasi: njia gani, gari limeegeshwa wapi, na saa ya kumpigia sherifu wa kaunti nisiporudi, kwa kuwa ndiye mwenye kazi ya kutafuta waliopotea. Safari iliyopita alisoma, akachukua kalamu, akaongeza kwa chini: "Ukimkuta, usimlete hapa. Nyumba ina vyumba viwili."